Kubahatisha na Kupima

Msomaji, ikiwa umepata kupanda pikipiki ya kukodi kutoka Mazeras kwenda Rabai, yamkini uliitazama barabara, na minazi na miembe iliyo kando yake, wala hukuiangalia taa ndogo ya kijani iliyo mbele ya dereva, katikati ya usukani. Taa hiyo si kubwa kuliko punje ya hindi. Haimuliki njia, wala haimwonyeshi dereva mtu aliye mbele yake. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kusema kweli juu ya jambo lisiloonekana. Ikiwaka, inasema kwamba hapana gia iliyoshika, pikipiki iko nyutro, na moto waweza kutiwa bila hatari. Ikizimika, inasema kwamba gia imeshika, jihadhari. Katika insha hii nataka tuifuate taa hiyo, tupate habari zake na habari za chombo kinachoweza kuihoji inapokataa kusema kweli. Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Chombo kidogo kilichomo sandukuni mwa fundi nacho kina historia ndefu, na pengine yenye mafunzo zaidi.

Pikipiki hizi ni wageni wa karibuni katika nchi yetu. Desturi ya kuchukua abiria namna hii ilianza katika miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana waliwavusha wasafiri na mizigo yao kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka likatamkwa kwa ulimi wetu mara mbili, likapatikana jina la bodaboda. Katika miaka ya 2000 pikipiki zilichukua mahali pa baiskeli, zikaenea hata katika vilima vya pwani. Leo mgonjwa hupelekwa hospitali kwa pikipiki, nazi huteremshwa sokoni kwa pikipiki, na mwanafunzi aliyechelewa hukimbizwa shuleni kwa pikipiki. Chombo kilichobeba maisha ya watu wengi kiasi hiki hakifai kutengenezwa kwa kukisia.

Kijana mmoja wa Rabai, ambaye sitalitaja jina lake, alikuwa na pikipiki iliyomlisha yeye na mama yake, na kumlipia dada yake karo ya shule ya sekondari. Siku moja taa ya nyutro ilikataa kuwaka. Kwanza hakujali, alisema kwamba mguu wake waijua gia kuliko taa. Jioni moja, giza lilipokuwa likiingia, aliuamini mguu wake akapiga kiki. Kumbe gia ya kwanza ilikuwa imeshika! Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, ikalikumba kapu la maembe la mama mmoja aliyeketi kando ya njia. Maembe yalitawanyika, mama akasalimika. Lau mama yule angalikaa hatua moja mbele, habari hii ingalikuwa ya msiba.

Tangu siku ile kijana hakuwa na raha, akaanza kuomba mashauri kijiweni. Wa kwanza alimwambia kwamba balbu imeungua. Akanunua balbu, taa isiwake. Wa pili, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko za wenziwe, alimwambia kwamba betri imechoka. Akanunua betri mpya, taa isiwake. Wa tatu alimwambia kwamba swichi iliyo mashinani imekufa, na ya kuwa hapana dawa ila kununua nyingine. Fedha iliyosalia mfukoni mwa kijana ilikuwa ya karo ya dada yake. Hapo ndipo alipoisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mmoja mzee, ambaye kibanda chake kiko karibu na njia iendayo kwenye kanisa la kale la Rabai. Nami nilikuwapo, nikingoja baiskeli yangu izibwe pancha. Fundi alimsikiliza kijana hata mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, umekwisha kununua majibu mawili kabla ya kuuliza swali.” Akafungua sanduku lake, akatoa mita.

Mita ya fundi ni kisanduku kinachoenea katika kiganja. Kina kioo cha tarakimu, kitufe cha kuzungusha, na nyaya mbili zenye ncha za chuma, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Ukikiona waweza kudhani kwamba ni kitu cha jana. Walakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kuundwa kwa mita kulichukua zaidi ya miaka mia moja.

Mabaharia wa pwani yetu waliijua dira tangu zamani, sindano ile yenye sumaku ambayo nahodha huitegemea usiku, bara isipoonekana. Dira hiyo ndiyo iliyokuwa mzazi wa mita. Mwaka 1800 Mtaliana Alessandro Volta alitangaza habari za betri ya kwanza, na tangu hapo wataalamu waliweza kuupitisha umeme katika waya kwa muda mrefu. Shida yao ilikuwa kwamba umeme hauonekani, hauna harufu, wala hauna sauti. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, alikuwa akifundisha mbele ya wanafunzi wake. Alipoupitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na dira, sindano ya dira iligeuka. Watu walikuwa wakiitumia dira kuitafuta kaskazini. Sasa waliweza kuitumia kuutafuta umeme. Mwaka ule ule Mjerumani Johann Schweigger aliuzungusha waya mara nyingi kando ya dira, ili hata umeme mdogo upate nguvu ya kuisogeza sindano. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimepata shahidi.

Lakini shahidi anayejua kusema “upo” au “haupo” hatoshi. Yatakiwa pia aweze kusema ni kiasi gani. Kazi hiyo ilifanywa na mwalimu wa shule. Jina lake lilikuwa Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli, naye alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika mji wa Köln, Ujerumani. Alizijaribu nyaya za urefu na unene mbalimbali, akaandika kila alichokiona, na mwaka 1827 akatoa kitabu kilichoeleza kanuni yake. Ili uifahamu, fikiri juu ya tangi la maji lililo juu ya paa na bomba litokalo kwake. Kimo cha tangi ndicho kinachoyasukuma maji. Msukumo wa umeme kama huo twaupima kwa volti. Maji yapitayo bombani kwa kila nukta ya wakati ni mfano wa mkondo wa umeme, ambao twaupima kwa ampea. Wembamba wa bomba na takataka zilizomo ndani yake ni mfano wa ukinzani, nao twaupima kwa omu, kipimo kilichopewa jina la mwalimu yule. Kanuni yenyewe ni hii: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Balbu ndogo ya wati 3, kwa mfano, ikiwashwa kwa betri ya volti 12 huchukua robo ya ampea. Maana yake ni kwamba ukinzani wake inapowaka ni omu 48.

Kanuni hii leo hufundishwa katika shule za sekondari. Mwaka 1827 ilipokewa kwa ubaridi mkubwa. Wako wakubwa wa elimu walioidharau, na Ohm aliiacha kazi yake ya Köln akaishi miaka kadhaa katika unyonge. Waya wa shaba, hata hivyo, haujali cheo cha mtu. Kila aliyeupima alipata jibu lile lile alilolipata Ohm. Mwaka 1841 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunukia nishani yake ya Copley, naye akapata heshima aliyostahili.

Kwa muda mrefu kila kipimo kilikuwa na chombo chake. Fundi wa simu alilazimika kuchukua kimoja cha volti, kimoja cha ampea na kimoja cha omu. Mwingereza Donald Macadie, mhandisi wa shirika la posta la Uingereza, ambalo wakati huo lilisimamia pia simu, alichoshwa na mzigo huo. Akaviunganisha vyombo vyote vitatu katika sanduku moja, nalo likaanza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la AVO, yaani herufi za mwanzo za ampea, volti na omu. Baadaye sindano zilifuatwa na tarakimu, masanduku yakapungua ukubwa na bei, hata mita ikamfikia fundi wa kando ya barabara huku Rabai. Sasa turudi kibandani, maana tumemwacha mzee ameishika mkononi.

Jambo la kwanza alilolifanya lilinishangaza. Hakuigusa pikipiki. Aliiweka mita katika kipimo cha omu, akazigusanisha ncha zake mbili, akatazama kama tarakimu zitashuka karibu na sifuri. Zilishuka. “Shahidi naye huapishwa kwanza,” akasema. Kisha akaigeuza mita kwenye volti, akaweka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye hasi. Mita ikasema 12.6, na hicho ndicho kiasi cha betri iliyojaa na kupumzika. Betri ilikuwa nzima. Lakini betri ilikuwa mpya, na hapakuwa na mtu aliyeipima ile ya zamani kabla ya kuitupa.

Baada ya hapo alituchorea mchangani njia ya umeme, nami nakuomba, msomaji, uichore katika daftari lako. Umeme hutoka betrini, ukapita katika fyuzi, ukapita katika swichi ya ufunguo, ukafika kwenye balbu ya kijani. Kutoka kwenye balbu hushuka kwa waya mmoja mrefu mpaka swichi ndogo iliyo ubavuni mwa mashine, karibu na mnyororo. Swichi hiyo ni mlango. Gia zikiwa nyutro, mlango hufunguka kuelekea chuma cha mashine, ambacho mafundi hukiita athi. Umeme hupita humo kurudi betrini, na taa huwaka. Gia yoyote ikishika, mlango hufungwa, na taa huzimika. Kwa hiyo taa iliyokataa kuwaka inatuambia kwamba njia hii imekatika mahali fulani, lakini haituambii ni mahali gani. Watu wa kijiweni walikuwa wamechagua kila mmoja mahali pake, kama watu wanaotafuta sindano gizani, kila mmoja akiapa kwamba iko mguuni pake.

Fundi alifungua ufunguo. Taa nyingine za mbele ziliwaka, basi fyuzi na swichi ya ufunguo zikaondolewa lawama. Akafungua kifuniko kilicho karibu na mnyororo, akauchomoa waya wa swichi ya nyutro, akaweka ncha nyekundu ya mita katika mwisho wa waya ule na nyeusi katika chuma cha mashine. Kama waya na balbu vingalikuwa vizima, mita ingalisema volti 12 hivi, kwa kuwa mita yenyewe hunywa umeme kidogo mno, na msukumo wa betri huifikia kupitia balbu bila kupungua. Mita ikasema sifuri. Akaufunga ufunguo, akaigeuza mita kwenye omu, maana omu haipimwi katika waya wenye umeme. Akapima baina ya kichwa cha swichi na chuma cha mashine. Katika nyutro mita ilishuka karibu na sifuri. Alipotia gia ya kwanza haikuonyesha kiasi chochote, kwani mlango ulikuwa umefungwa. Alirudia mara tatu, na jibu likawa lile lile. “Swichi hii haijafa,” akasema. “Ingalizikwa nzima.” Kijana aliinamisha kichwa, nami najua aliyahesabu moyoni mwake mambo mawili: bei ya swichi na karo ya dada yake.

Ilibaki sehemu ya juu. Fundi aliifungua taa kubwa ya mbele, akaupata waya ule ule pale unapotoka kwenye balbu, akafungua tena ufunguo na kupima volti. Mita ikasema 12.4. Tazama, msomaji, jinsi jambo lilivyokuwa limesongwa. Juu, penye balbu, umeme upo. Chini, penye swichi, haupo. Basi ugonjwa umo katika waya ulio baina ya hapo na hapo, wala hauwezi kuwa penginepo. Akafunga ufunguo, akauchomoa waya juu pia, akaunganisha mita na miisho yake miwili katika kipimo cha omu. Hapakuwa na njia. Akaanza kuubonyeza na kuukunja waya kidogo kidogo kwa vidole, macho yake yakiwa katika kioo. Alipofika shingoni mwa usukani, mahali waya hukunjwa kila pikipiki inapopinda kona, tarakimu ziliwaka zikapotea, zikawaka zikapotea. Aliuchuna mpira wa nje. Ndani, shaba ilikuwa imekatika kabisa, ilhali ngozi ya nje ilikuwa nzima kama mpya. Jicho la nani lingaliona?

Kilichotakiwa hakikuwa balbu, wala betri, wala swichi. Kilitakiwa kipande cha waya chenye urefu wa shubiri moja. Fundi alikiunga, akakitia risasi, akakifunika.

Risasi ilipokuwa ikipoa, niliyatazama mapaa ya kanisa la kale, nikakumbuka kwamba Rabai hii imepata kushuhudia shauri la namna hii hii, tena mbele ya ulimwengu mzima. Mwezi wa Agosti 1846 wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walihamia hapa kutoka Mombasa. Mwishoni mwa Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro, na juu yake weupe. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi tu, kwa kuwa lugha ya watu wa pwani haikuwa na sababu ya kuwa na jina lake. Rebmann alifahamu kwamba ni theluji. Habari zake zilichapishwa London mwaka 1849.

Huko London alikuwako mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, mtu aliyesoma vitabu vingi juu ya Afrika ya Mashariki bila kuikanyaga. Yeye alikana. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na wengi walimsadiki, kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa katika mambo hayo. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka kumi, na mlima ulikuwa umesimama pale pale, ukingoja kuulizwa. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken na Richard Thornton, mjuzi wa mawe, waliufikia wakiwa na vyombo vyao vya kupimia. Mwaka 1862 Decken alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda juu zaidi, hata theluji ikawaangukia.  Leo twajua kwamba kilele chake kina kimo cha mita 5,895.

Sikusudii kusema kwamba Rebmann hakukosea katika jambo lolote, wala kwamba Cooley alikuwa mjinga. Hata mwenye akili nyingi, akikataa kwenda kutazama, huwa sawa na yule wa kijiweni aliyesema betri imechoka. Wala usidhani kwamba hasara ya kubahatisha ni ya wataalamu wa London peke yao. Cooley alipoteza sifa. Kijana wetu alipoteza bei ya balbu na betri, na nusura apoteze elimu ya dada yake. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kubahatisha, naye ndiye anayebahatishiwa mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo nakuusia mambo matatu niliyojifunza katika kibanda kile, nawe uyatumie hata kama hutashika mita maishani mwako. Kwanza, chora njia nzima kabla ya kumlaumu yeyote aliye njiani. Pili, pima mahali ambapo jibu litakuondolea nusu ya mashaka, kama fundi alivyopima chini kisha juu. Tatu, mpime na shahidi wako, maana mita iliyoharibika hudanganya kwa tarakimu, na watu huziamini tarakimu upesi kuliko maneno.

Kijana alifungua ufunguo. Taa ya kijani iliwaka. Alibonyeza klachi akatia gia ya kwanza, taa ikazimika. Akarudi nyutro, ikawaka. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtoto, na fundi hakumharakisha. Kisha alimlipa mzee ujira wake, nao ulikuwa mdogo kuliko bei ya ile balbu na betri, akapiga kiki. Safari hii pikipiki ilitulia mahali pake. Karo ya dada yake ilikuwa bado mfukoni alipoteremka kuelekea Mazeras.